Nyundo za Mpini wa Buluu

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Nimepiga randa Kigoma, Uvira na Bujumbura, na miezi minane kwa mapadri juu ya Bukavu, ambako ndiko nilikojifunza kusoma sawasawa, maana kabla ya hapo nilikuwa na juzuu mbili za madrasa na nusu ya darasa la tatu. Kigali nilikusudia kukaa kiangazi kimoja tu. Nikakaa miaka mitatu na zaidi, kwa sababu ya mtu mmoja mwenye duka la vyuma pale Muhima, jina lake Nsabimana.

Jicho langu la kushoto lilikwenda kwa ajili yake. Nitaeleza lilivyokwenda, kisha nitaeleza nilivyolidai.

Ilikuwa mwanzo wa mwaka tisini, vita bado. Mimi na Jean-Bosco, seremala mwenzangu wa Nyakabanda, tulipata kazi ya kubomoa paa la ghala na kulipaua upya. Nyundo zetu zilikuwa zimechoka. Tukaenda kwa Nsabimana, tukakuta ameandika mlangoni kwa chaki: SOLDE, yaani bei imeshuka. Nyundo mpya, mpini wa buluu, kichwa kinang'aa kama vijiko vya harusi, kwa nusu ya bei ya sokoni. Hatukuuliza kitu. Nani anauliza? Tulichukua mbili tukatoka haraka, kama watu waliomwibia.

Siku ya tatu msumari mmoja ukazama kwenye boriti ya mkaratusi, kichwa chake hakishikiki. Kila seremala anajua la kufanya hapo. Mmoja anaegesha makucha ya nyundo yake kwenye msumari, mwenzake anaigonga ile nyundo kisogoni kwa nyundo ya pili, mpaka makucha yaingie chini ya kichwa. Tumefanya hivyo maisha yetu yote. Mimi nikaegesha, Jean-Bosco akagonga. Nikasikia mlio kama kikombe kimeangukia saruji, kisha shavu langu likawa limelowa.

Chuma kile kilikuwa kimeunguzwa kiwandani kupita kiasi. Ukikigongesha na chuma kigumu mwenzake, kinameguka kama kigae. Kipande kilichotolewa jichoni mwangu daktari alinionyesha kwenye pamba: hakikuzidi punje ya mchele.

Wiki mbili baadaye, bandeji bado kichwani, nikaenda Muhima na ile nyundo. Duka lilikuwa limejaa watu. Sikwenda kudai pesa. Nilitaka aziondoe zile nyundo rafuni, na aseme pole. Nsabimana akaipokea, akapitisha kidole gumba juu ya lile pengo, akakirudisha kidole, akapitisha tena. Kisha akanirudishia.

"Muzee," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "nyundo haina macho. Wewe ndiye ulikuwa nayo mawili."

Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa ananunua bawaba alicheka mpaka akaegemea meza. Yule mama sikumchukia. Lilikuwa neno la kuchekesha kweli, na kama lingesemwa kwa mtu mwingine ningecheka mimi wa kwanza.

Jean-Bosco alilia siku nyingi kwamba mkono uliogonga ni wake. Nilimwambia aache. Mkono wa Jean-Bosco haukujua. Kidole gumba cha Nsabimana kilijua, nilikiona kikirudi mara ya pili kwenye lile pengo. Lakini nitamwonyesha nani kidole?

Nilifikiria kumchomea duka. Paa lake nalijua, ningeweza kulichoma kwa kibiriti kimoja. Halafu nikafikiria jinsi majirani watakavyokuja na sahani za chakula, na mapadri watakavyomwombea, na yeye atakavyokaa kitini akipokea pole. Sikutaka apate pole ya mtu hata mmoja. Nikaamua kungoja.

Sisi maseremala wa Nyakabanda tulikuwa na chama, na Jean-Bosco ndiye mwenyekiti. Mwaka ule ule nikasimama mkutanoni nikapendekeza sheria moja. Chombo chochote kitakachonunuliwa na chama, anayekiuza akitumie kwanza yeye mwenyewe, mbele yetu, kwa namna ile ile tunavyokitumia sisi. Wakaipenda. Muuzaji wa gundi alijigandisha vidole viwili tukamtia maji ya moto. Muuzaji wa ngazi alipanda vidaraja vitatu akashuka akasema amekumbuka kitu nyumbani. Watu wakasema, Muzee Sudi ana akili. Sikuwa na akili yoyote. Ulikuwa mtego, na nilikuwa namjua mtu mmoja tu wa kuingia.

Alichukua miaka mitatu kuufikia.

Mwaka tisini na tatu, mvua za masika zikielekea mwisho, chama kikapata kazi ya madawati mia tatu. Hatukuwa na vyombo vya kutosha, na vita vilikuwa vimefunga njia ya Gatuna, ya kwenda Uganda. Kila kitu kilipitia Rusumo, mpakani na Tanzania, kikifika kimepanda bei mara mbili. Jean-Bosco akaja kibandani kwangu, akakaa kwenye benchi, akaanza kuokota takataka za randa moja moja.

"Sema," nikamwambia.

"Muzee, kuna mzigo wa bei ya kutupa. Misumeno arobaini, nyundo arobaini. Kwa bei ile hatupati pengine." Akaokota nyingine. "Shida ni mwenye mzigo."

"Ni nani?"

"Unamjua."

"Mwite," nikasema.

Akaniangalia. "Wewe? Unakubali?"

"Mwite aje na mzigo wote. Aje mwenyewe, asitume mtu. Na umwambie sheria yetu."

"Sheria anaijua. Amesema atakata msumeno mpaka tumwambie basi."

"Vizuri," nikasema. Nikarudi kwenye randa yangu.

Akaja Jumamosi asubuhi na pikapu imejaa, koti la suti, kiatu cha kuchongoka. Alikuwa amenenepa. Maseremala ishirini na mbili walikuwa wamekaa kwenye magogo uani kwetu.

"Muzee wangu!" akaniita kabla hajafunga mlango wa gari. "Iko bado unafanya kazi? Mungu ni mkubwa."

"Niko, patron," nikamwita kama matajiri wanavyoitwa Kigali. "Lililobaki linatosha."

Watu wakacheka kidogo. Yeye akacheka sana.

Tukaanza na misumeno. Ilikuwa na madoa ya kutu kila mahali, ndiyo maana wengine walishaanza kukunja pua. Nsabimana akavua koti. "Kutu hii iko ya juu tu. Lori ilikaa Rusumo siku nane, mvua juu yake. Chuma ndani iko ya Ulaya." Akaukunja mmoja mpaka ncha ikagusa mpini, akauachia. Ukarudi ukanyooka, ukaimba. Akakata mkaratusi, akatoka jasho, akakata tena. Hakugeuka kututazama hata mara moja. Alikuwa anafanya kama mtu asiye na wasiwasi na bidhaa yake.

Nikaushika mwenyewe. Nikapitisha tupa kwenye jino, tupa ikateleza kidogo kisha ikauma, ndivyo inavyotakiwa. Nikaukunja nikauachia. Ulikuwa msumeno mzuri. Iliniuma kama jino kukubali.

"Misumeno mizuri," nikawaambia. "Kutu inatoka kwa majivu na mafuta ya taa. Kwa bei hii ni bahati."

Uani pakawa na minong'ono. Walijua nilichonacho na mtu huyu, na sasa wamenisikia nikimsifia mali yake. Nsabimana mwenyewe alinitazama kama amepata ndugu. Nikaona wamenyooka wote, sasa wataniamini.

"Tulete nyundo," nikasema.

Akafungua kasha. Mpini wa buluu, kichwa kama kijiko cha harusi. Miaka mitatu na zaidi, na bado zile zile.

"Hizi nazo zilinyeshewa Rusumo?"

"Mzigo mmoja, muzee. Lori moja."

"Mbona hazina kutu?"

Akapangusa shingo. "Nyundo ilikuwa chini ya turubai."

"Sawa. Misumeno ni rahisi kwa sababu ya kutu, tumeiona. Nyundo hazina kutu. Urahisi wake umetoka wapi?"

Mtu mmoja kwenye magogo akasema, "Jibu, patron." Wengine wakaguna.

"Ni zawadi yangu kwa mafundi," akasema Nsabimana. "Sasa mtu akipewa zawadi anauliza mama yake zawadi ni nani?"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Alikuwa na mdomo, huwezi kumnyima. "Basi zawadi ifunguliwe," nikasema.

Boriti nilikuwa nimeitayarisha tangu Alhamisi. Mkaratusi mkavu, na msumari wa inchi nne umezamishwa mpaka kichwa kimepotea. Nikaiweka kwenye farasi wa mbao wa kukatia. Nikachukua nyundo moja ya buluu, nikaegesha makucha yake juu ya msumari, nikainamisha uso karibu kama ninavyofanya siku zote, maana mwenye jicho moja inambidi asogee. Nyundo ya pili nikampa yeye.

"Gonga kisogoni," nikasema. "Kwa nguvu. Ndivyo tunavyofanya sisi."

Akaishika. Akaiangalia ile niliyoiegesha, akaangalia jicho langu lilivyo karibu nayo, shubiri moja, labda na nusu. Nilimpa nafasi. Wallahi nilimpa. Neno moja lilitosha: muzee, sogea. Ningelisikia neno hilo sijui ningefanya nini na hasira yangu yote.

Hakusema. Akainua mkono. Na mkono ulipofika juu, mbele ya watu ishirini na mbili, akafumba macho yote mawili na kugeuza uso ukutani.

"Simama hapo hapo," nikasema.

Akasimama, nyundo iko hewani.

"Watu wote mnamwona?"

Walikuwa wanamwona.

"Patron," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya chini kuliko nilivyoiota usiku wa miaka mitatu, "nyundo haina macho. Wewe unayo mawili. Mbona umeyafumba?"

Akafumbua. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga wa muhogo.

"Msumeno umeukata macho wazi," nikasema. "Hii unaifumbia. Langu hili hapa, liko wazi. Fumbua na wewe, ugonge."

"Muzee..."

"Gonga."

"Siwezi." Akashusha nyundo. "Muzee, siwezi. Unajua siwezi."

"Mimi najua. Nilitaka na wao wajue."

Ndipo Jean-Bosco akainuka kwenye gogo lake. Nilidhani atampiga. Akasimama tu mbele yake, mtu mkubwa vile, akaangalia mkono wake mwenyewe wa kulia kama ndiyo kwanza anauona. "Ulijua," akasema. "Nikabeba mimi." Akaenda kukaa.

Nsabimana alikuwa mfanyabiashara, akaokoa alichoweza. Akavaa koti lake haraka. "Wazee, tusiharibiane jina. Misumeno chukueni kwa bei tuliyosema. Nyundo nawapa nyongeza. Zote arobaini. Bure. Mfanye nazo mnavyotaka, lakini habari isitoke kwenye ua huu."

Jean-Bosco akaniambia pembeni, "Tuzichukue. Choo cha zamani kile pale nyuma kina kina cha mita saba. Tuzimwage humo, yaishe."

Lilikuwa neno la maana, nalo nalikumbuka kila siku. Lakini nilimtazama Nsabimana akingoja, mkono tayari umeshika mlango wa pikapu, na nikaona kwamba akizitoa zile nyundo ataondoka mwepesi. Atakwenda nyumbani, atakula, atalala. Amelipa.

"Oya, hapana," nikasema. "Misumeno tunanunua. Nyundo zirudi dukani kwake. Akae nazo. Kila mteja akiingia azione, na kila mteja nitamwambia amwombe agonge."

"Na akiziuza?"

"Nani Kigali hii atanunua?"

Nyundo zikarudi garini.

Nilifanya nilivyosema. Kila siku ya soko nilikwenda Muhima nikakaa kwenye kigoda changu ng'ambo ya barabara, mkabala na duka. Sikupiga kelele. Mtu akielekea mlangoni nilimwambia tu, "Mwambie agonge yeye kwanza." Habari ya uani ilikuwa imeshafika hata Kimisagara. Wateja wakawa wanaingia wanasema, "Patron, gonga kidogo tuone," hata mtu aliyekuja kununua kamba. Kuna mama aliingia akamwomba agonge ndoo ya plastiki. Nilicheka siku hiyo mpaka jicho la kushoto, ambalo halipo, likatoa machozi.

Mara moja alitoka akavuka barabara. Akasimama mbele yangu.

"Unataka nini, muzee? Sema. Mbuzi? Pole? Nitasema pole hapa hapa, nipige magoti."

"Pole ilikuwa mwaka tisini," nikamwambia. "Duka lilikuwa limejaa. Unakumbuka?"

Akarudi ndani. Kabla ya mwezi wa tisa kwisha akafunga milango. Siku waliyoshusha ubao wa jina lake nilikuwa nimekaa pale pale, na nilikula maandazi mawili nikiwatazama.

Basi miguu yangu ikaanza kuwasha kama zamani. Nikaaga chama, nikafunga vyombo vyangu kwenye mfuko, na Jean-Bosco akanisindikiza mpaka barabara kubwa. Nilikuwa nakwenda Rusumo, nivuke, nione Ngara, baada ya hapo Mungu anajua. Nilijisikia mwepesi. Gari nililopata liliharibika karibu na Kanombe, penye kambi ya askari, tukashuka kungoja, nikaenda kutafuta chai.

Kwenye vibanda vya kando ya barabara, kina mama wanapouzia wake za askari viazi na mkaa, mama mmoja alikuwa ametandika gunia. Juu ya gunia, zimepangwa mistari kama samaki, nyundo za mpini wa buluu.

Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama naumwa.

"Hizi umezipata wapi, mama?"

"Nimeletewa niuze, tugawane." Jina lake Uwamahoro, nilikuja kulijua. "Iko bei rahisi sana, muzee. Robo ya bei. Chukua mbili."

"Aliyekuletea ni nani?"

"Patron mmoja alikuwa na duka Muhima, sasa amehamia kwao Kibungo. Mtu wa mzaha sana." Akaanza kucheka akikumbuka. "Anasema alikuwa anawapa mafundi bure, zote, mbele ya watu. Kukawa na muzee mmoja wa jicho moja akaka..."

Alikuwa amelitazama jicho langu.

"Akakataa," nikasema. "Malizia, mama. Ndivyo ilivyokuwa."

Akashika mdomo.

"Alikuletea ngapi?"

"Arobaini."

Nikahesabu gunia. Nikahesabu tena. Thelathini na sita.

"Nne nimeuza," akasema Uwamahoro, na sasa alikuwa ananong'ona bila kujua kwa nini. "Moja kwa mke wa sajenti, anavunjia mkaa. Mbili kwa waashi wanaojenga kule nyuma ya uwanja wa ndege. Moja kwa mtu alikuwa anapita tu na baiskeli."

Nikatoa nauli ya Rusumo, na akiba ya Ngara, na kila kitu nilichokuwa nimekishona kwenye kiuno cha suruali. Nikanunua nyundo thelathini na sita mbovu, nilizozikataa nilipopewa bure. Mama yule alidhani nimerukwa na akili. Akaniuliza kama nina kampuni. Nilipomwomba anionyeshe choo ambacho hakitumiki tena, akanipeleka bila kuuliza zaidi, akanisaidia kubeba. Tulizitupa moja moja. Zilikuwa na mlio mzuri zikishuka.

Gari likatengenezwa likaondoka. Sikupanda.

Mke wa sajenti alikuwa mgumu. "Nyundo yangu inakuhusu nini?" Nikavua kofia nikainama, nikamwonyesha kovu kwa karibu. Akaingia ndani akaileta, akaniwekea mkononi bila kudai kitu. Waashi walitaka bei ya mpya, nikawafanyia milango miwili. Ile ya mwenye baiskeli bado. Nimeuliza Kabuga, nimeuliza Masaka, nimeuliza kila palipo na mlio wa mtu anapigilia. Watu wa huku sasa wananiita muzee wa buluu. Nikisikia mahali mtu ameumia jicho, nakwenda kwanza kuuliza alikuwa anafanya nini, kabla sijasema pole.

Nsabimana nasikia amefungua duka la sabuni Kibungo, na watu wanampenda. Sikumsamehe na sitamsamehe. Wala hilo la kukataa nyongeza simwachii yeye, ni langu, nalibeba. Lakini ile nyundo ya nne nikiipata, hiyo sitaitupa chooni. Nitakwenda nayo Kibungo kwa miguu, nichague siku duka limejaa, nimwekee juu ya sabuni zake na boriti yangu pembeni, nimwambie agonge, na safari hii hakuna atakayemwambia asimame.